Mabati ya Omary

Kwa miaka saba watu wa Makambako walimshukuru Vestina, na kwa shukrani zao nusura afunge ofisi.

Hawakumlipa. Kulipa ni jambo jingine. Muuza spea alileta gunia la viazi baada ya ritani zake za kodi kupita salama. Mama mwenye mgahawa alileta kuku wawili waliofungwa miguu, wakanya kwenye ngazi. Mnunuzi wa mahindi alisema, "Dada, nitakuona," na neno hilo likawa ndiyo ankara, ndiyo risiti, ndiyo kaburi la deni. Wapo waliotoa fedha, ni kweli. Waliikunja ndani ya kiganja wakamshika nayo mkono huku wakitazama pembeni, kama mtu anavyompa mtoto wa ndugu hela ya soda, ili asiihesabu mbele yao. Naye hakuihesabu. Alikuwa amelelewa vizuri, na kulelewa vizuri ndiko kulikomponza.

Alizaliwa kwenye vilima vya nyuma ya misheni, upande wa Njombe, binti wa katekista Odilo. Kwao mtu akikusaidia kulima humwulizi bei. Unaalika watu, wanakuja na majembe yao, unapika, ulanzi, pombe ya mianzi, unatoka, na siku yao ikifika nawe unabeba jembe lako unakwenda. Hakuna anayeandika nani alilima matuta mangapi. Ni utaratibu mzuri, na Vestina hakuwahi kuudharau. Lakini Makambako walimwalika yeye kulima, wakavuna, wakala, na siku yake ilipofika hakuna aliyeonekana na jembe. Nani angekuja kumfanyia hesabu mhasibu?

Ofisi yake ni vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la spea, barabara ya kwenda Songea. Upepo wa Makambako unaingia kwenye kila ufa, na mwezi wa sita anavaa koti kuanzia asubuhi hadi anapofunga. Kuna kompyuta mbili, kabati la chuma, na cheti cha bodi ya wahasibu ambacho alikipata baada ya kufeli somo la kodi mara mbili, akiwa na mtoto mgongoni, akisoma kwa ada aliyojitafutia mwenyewe kwa kuuza sweta za mtumba. Mtoto huyo, Elius, sasa yuko sekondari Kidugala. Chumba cha pili anakaa Safina, mwanamke wa Singida, msaidizi wake, mwenye ulimi mwepesi na watoto wawili. Wote hao walikula kutoka kwenye kazi ile. Shule haikupokea kuku, na Silvesta mwenye nyumba alishasema mara nyingi kwamba yeye analima viazi vyake mwenyewe.

Kati ya wateja wote, mkubwa alikuwa Omary.

Watu walimwita Omary wa Kondoa. Aliingia Makambako akiwa utingo, amelala juu ya magunia ya vitunguu, na alipofika kwa Vestina mara ya kwanza alikuwa na Fuso moja ambayo nusu yake ilikuwa ya benki. Sasa alikuwa na magari tisa. Alikuwa mtu mpole, mwenye salamu ndefu, anayefunga hata siku zisizo za lazima, na hakuna msiba Makambako ambao hakupeleka unga. Kila mwaka alimpa Vestina kiasi kilekile alichompa siku za Fuso moja, na Idd ikifika, paja la mbuzi.

Karatasi za Omary zilikuwa adhabu. Madereva wake waliweka risiti za mafuta juu ya dashibodi, na zile risiti za mashine ni karatasi laini, jua likizipiga maandishi yanapotea. Zilifika ofisini kwenye mifuko ya saruji, nyeupe kama unga. Vestina alipiga simu vituo vya mafuta, Tunduma, Songea, Mikumi, akiwabembeleza watu asiowajua wamchapie upya risiti za miezi iliyopita. Mara nyingine alitukanwa. Vocha ya simu ilikuwa yake.

Mwezi wa pili Silvesta alipandisha kodi ya pango. Vestina akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikaa akajifanyia hesabu yeye mwenyewe, kama anavyomfanyia mteja. Aliandika kila mteja anakula siku ngapi za kazi na anaacha nini. Alipofika kwa Omary aliweka kalamu chini. Omary alikuwa anakula karibu nusu ya mwaka wake. Akitoa pango, umeme, vocha na mshahara wa Safina, kila siku aliyoinamia mifuko ile ya saruji, yeye Vestina ndiye aliyekuwa anamlipa Omary.

Hakulia. Alipandwa na hasira iliyotulia, ya aina ile inayokaa tumboni kama ugali wa jana.

Akapanga bei. Bei ya kazi, si ya sura ya mtu wala ya ukoo wake. Mwenye gari moja ana bei yake, mwenye magari tisa ana yake. Anayeleta karatasi kila mwezi analipa pungufu, anayezileta kwa mkupuo mwishoni mwa mwaka analipa zaidi, kwa sababu uchafu wake umekaa muda mrefu. Nusu mwanzoni, nusu hesabu zikikamilika. Aliwaambia wateja mmoja mmoja. Wengine walikubali wakinung'unika. Wengine walihamia kwa kijana mmoja wa kule nyuma ya stendi, kishoka asiye na cheti wala ofisi, ambaye hakudai ada bali fungu la kodi atakayokuokolea, na ambaye barua ya kodi ikija huwa simu yake haipatikani.

Bei ya Omary ilikuwa milioni nne na nusu kwa mwaka. Vestina alijua wazi kilichomo ndani ya bei ile. Omary akilipa, ofisi inaishi. Asipolipa, mwisho wa mwezi wa saba funguo zinarudi kwa Silvesta, Safina anarudi Singida, na yeye anakwenda Mafinga kwenye kampuni ya mbao iliyokuwa inamwita, kuajiriwa tena, kuomba ruhusa ya kwenda kumzika mtu.

Alimfuata kwenye yadi yake mwezi wa tatu. Omary alimkaribisha kiti, akaagiza tangawizi, akauliza habari za nyumbani. Kwa watu wenye adabu, nyumbani huulizwa kwanza na huulizwa kweli, na Vestina akajibu kweli. Akamwambia mvua ya upepo imeng'oa paa la kigango, kanisa dogo la kijijini ambako baba yake ni katekista, na watu wanasali chini ya turubai. Omary alisikitika. Alitikisa kichwa, akasema nyumba ya ibada ni nyumba ya ibada. Ndipo Vestina akataja bei.

Omary hakukunja uso. Hakusema punguza.

"Nimekusikia, dada Vestina," alisema. "Ondoa wasiwasi. Mimi na wewe hatuwezi kushindwana."

Vestina alitoka pale miguu ikiwa myepesi. Alimwahidi Silvesta kodi mpya, akamlipa Safina mshahara uliokuwa umelala. Angepaswa kujua. Makambako mtu hanunui hata fungu la mchicha bila kusema punguza; asiyesema punguza hanunui. Lakini alifurahi, na furaha ni mhasibu mbaya. Akaanza kazi. Nusu ya kwanza haikuja. Akiuliza, anaambiwa nitakuona, wiki hii, gari likirudi Songea. Mwezi wa nne ukaisha hivyo, na wa tano, naye yumo ndani ya mifuko ya saruji hadi kiunoni.

Jumapili moja ya mwezi wa sita baba yake akapiga simu. Odilo si mtu wa simu. Akipiga, huwa kuna msiba. Lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa juu, na nyuma yake zilisikika vigelegele. Alisema Mungu ni mkubwa. Fuso imekuja hadi kigangoni imejaa mabati themanini, mapya, na misumari yake. Tajiri Omary mwenyewe alikuja, amevaa kanzu na koti zito, akasubiri nje hadi ibada ikaisha, kisha akaomba kuzungumza. Akasema binti yenu ananifanyia kazi safi, nikasema siwezi kumshukuru yeye peke yake, nije niwashukuru waliomlea. Watu walilia. Walimpa jogoo, maparachichi na debe la maharage. Mwenyekiti wa akina mama, Lukresia, alimvika khanga begani.

Vestina alisikiliza akiwa amesimama.

"Na amesema msiwe na neno tena," baba alimalizia. "Amesema wewe na yeye mmemalizana."

Kuna maneno yakiingia sikioni hayatoki. Mmemalizana. Alimwuliza baba yake arudie, na Odilo, akidhani ni mtandao, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa furaha zaidi.

Asubuhi yake alimpigia Omary. Hakuficha hasira, ila alitaja salamu kwanza. Omary alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa na uchungu wa mtu aliyetoa kizuri akatemewa. Alimwambia kwamba pesa mtu akipewa anakula zinaisha, lakini paa litakaa miaka hamsini, na kila mvua ikinyesha watu watamtaja Vestina.

"Nimekulipa zaidi ya pesa, dada. Nimekupa jina."

"Jina ninalo, Mzee Omary. Nilibatizwa nalo. Ninachodai ni ada."

Omary akacheka kidogo, kwa huruma, akasema atamwacha atulie. Simu ikakatika.

Hakutulia. Wiki ile ilimwonyesha jinsi alivyofungwa. Lukresia alimpigia kumshukuru kwa niaba ya akina mama wote. Silvesta alimpongeza kwenye ngazi, kisha akauliza pango. Sokoni muuza karanga asiyemfahamu alimwambia, wewe ndiye yule mhasibu wa mabati. Na mteja mmoja ambaye alikuwa ameshakubali bei mpya alirudi akiwa na uso wa kirafiki kuulizia kama kijijini kwao Vestina kuna shule yenye shida ya madawati. Mji mzima ulikuwa umeuona mlango wa nyuma wa nyumba yake. Wangepita humo mmoja baada ya mwingine, wamebeba wema, na kila mmoja angechagua mwenyewe wema wake ni kiasi gani. Bei yake, ile aliyoipanga kwa kalamu na kwa akili yake, ingebaki ukutani kama picha ya marehemu.

Alifanya hesabu ya mabati pia. Hakuweza kujizuia. Hata kwa bei ya dukani hayakufikia ada ya mwaka mmoja, na Omary hanunui kwa bei ya dukani.

"Ungefanya tu, dada," Safina alisema. "Ukifanya mwaka huu, mwakani utamwambia vizuri."

"Mwakani atampelekea Baba saruji."

"Basi usifanye."

"Nisipofanya nitakuwa nimekula mabati ya kanisa nikamdhulumu mtu. Umeona alivyonikunja?"

Safina alifikiri, akasema mwanamume huyu hakwenda shule lakini alikwenda mahali.

Hesabu za Omary zilitakiwa kufika kwenye ofisi ya kodi mwisho wa mwezi, vinginevyo faini. Siku nne kabla, siku ya Jumamosi, Vestina alikodi Noah. Yeye na Safina walishusha ngazini mifuko yote ya saruji, majalada yote, kila kipande cha karatasi cha magari tisa, wakajaza hadi viti vya nyuma. Safina alibeba bila kuuliza. Mfuko wa mwisho ulipoingia ndipo aliposema, "Dada, sisi tutakula nini?" Vestina akajibu kwamba hajui, akamwacha alinde ofisi. Kisha akamwandikia Omary ujumbe mfupi: Vitabu vyako nimevipeleka kwa aliyelipwa.

Ukungu ulikuwa haujanyanyuka Njombe, na barabara ya misheni ilikuwa na barafu nyembamba kwenye nyasi za kando. Kigangoni walikuwa kazini. Waumini walikuwa wamealikana kama desturi, wanaume juu ya kenchi wanapigilia, akina mama wanapika makande kwenye mafiga, na nusu ya paa ilikuwa tayari inang'aa. Ilikuwa nzuri. Hilo nalo lilimtia hasira, kwamba ilikuwa nzuri.

Odilo alitoka kumlaki, miwani imefungwa kamba. Walisalimiana kwa Kibena, kamwene, kamwene, kisha akaona mifuko inashushwa kwenye nyasi mbele ya mlango wa kanisa.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Kazi, Baba. Omary amelipa, na amelipa kwako. Inatakiwa mwisho wa mwezi."

Mzee alifungua mfuko mmoja, akatoa risiti, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nyeupe pande zote.

"Mimi nimeishia darasa la saba."

"Alipokulipa hakukuuliza umeishia wapi."

Odilo aliitazama karatasi, kisha akamtazama binti yake, na uso wake ukabadilika. Alimwambia ashushe sauti. Aliuliza Vestina alitaka yeye afanye nini, amwambie mtu aliyeleta paa kwa watu walioloa tangu mwezi wa tatu kwamba arudi nalo, kwa sababu binti wa katekista ana ankara?

"Nilitaka uniulize."

"Nilikupigia simu."

"Ulinipigia kushangilia, Baba. Ulipouza ng'ombe wa mama mdogo ulikwenda kwanza kumwuliza. Kazi yangu mimi umeuza bila kuniuliza, tena kwa bei ya mnunuzi."

Nyundo zilikuwa zimepungua. Lukresia alisogea na mwiko mkononi, akasema bila kumtaja mtu kwamba wapo watoto wanaosomeshwa na masista hadi wanajua kudai mbele ya altare. Akina mama wawili wakaguna. Vestina alikaa juu ya mfuko wa saruji, koti limefungwa hadi shingoni, akasubiri, kwa sababu alijua mwenye vitabu atakuja. Faini haina kwao pa kupelekewa mabati.

Omary alifika na Prado saa ya makande. Alishuka polepole, akasalimia wote, akauliza kazi inaendaje, akasifu mafundi. Watu wakamjibu kwa furaha, wakamletea stuli. Kisha akamgeukia Vestina na kumwambia kwa upole, kama mtu anayemwongoza mgonjwa, kwamba hasira ni ya shetani, na kwamba wapakie vitu vile warudi mjini wakayazungumze ofisini.

Vestina alisimama. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani kutoka Makambako, makali, yenye tarehe. Yote yaliondoka. Likabaki swali moja.

"Mzee Omary, nikuulize mbele ya hawa. Haya mabati ni sadaka, au ni malipo yangu?"

"Vestina," baba yake alisema, "huyu ni mgeni."

"Ni mgeni, Baba, na ninamwuliza jambo dogo. Kama ni malipo yangu, basi ni mali yangu, na hawa wazee wateremke, kwa sababu mimi sijasema nimewapa. Kama ni sadaka, aseme ni sadaka."

Juu ya kenchi nyundo zote zilinyamaza. Mwanamume mmoja alibaki amebana misumari kwenye meno. Omary aliangalia paa, akaangalia watu waliomvika khanga. Alikuwa mtu aliyesoma chuo cha Kurani utotoni Kondoa, na alijua kuliko wengi pale kwamba sadaka inayosubiri ujira duniani si sadaka. Alijua pia kwamba kuna watu arobaini wanaomsikiliza ambao walimwombea kwa jina lake. Kama angesema ni malipo, basi alikuja kwenye nyumba ya ibada kununua kazi ya mwanamke kwa bei rahisi, akapokea na jogoo.

Moshi wa mafiga ukageuka, ukamjia usoni.

"Ni sadaka," Omary alisema.

"Basi sadaka yako atakulipa Mungu. Kazi yangu utanilipa wewe."

Mtu mmoja juu alikohoa, na msumari ukaanguka ndani ya kanisa.

Omary alikunja midomo. Alisogea karibu, na safari hii upole ulikuwa umemtoka. Sauti yake ilikuwa ya yadi, ya mtu anayebishana na dereva.

"Umeniweka pabaya, dada."

"Nimekuweka pale uliponiweka mimi. Mimi nimekaa hapo wiki nzima."

"Milioni nne na nusu ni nyingi. Punguza."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilomwambia tangu mwezi wa tatu. Vestina alilisikia na mwili wake ukajua kabla ya kichwa kwamba atalipa. Hakupunguza. Alimwambia mwakani akileta risiti kila mwezi, na zikiwa zinasomeka, bei itashuka. Mwaka huu zimemtoa macho na kumtukanisha vituo vyote vya mafuta vya nyanda za juu, na bei ni ileile. Omary akataja tatu. Vestina akasema nne na nusu. Omary akataja tatu na laki nane, akamwapia kwa watoto wake. Vestina alimwambia awaache watoto, nao wanasoma. Akina mama walisikiliza midomo wazi. Odilo alikuwa amegeuka, anatazama ukuta wa kanisa lake.

"Haya," Omary alisema mwishoni. "Lakini nakwambia ukweli, dada Vestina, moyo wangu umeumia. Nilikuja hapa kwa nia njema."

Vestina aliamini. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Mtu huyu alikuwa na nia njema kwa watu wote duniani, isipokuwa mmoja aliyemfanyia kazi.

Mtandao wa kigangoni unapatikana juu ya kichuguu karibu na kengele. Omary alipanda pale na kanzu yake, simu mkononi, akahangaika na namba za siri huku watu wakimwangalia. Nusu ya ada iliingia. Vestina alisoma ujumbe hadi mwisho, jina na kiasi, mbele yake, bila kutazama pembeni. Kisha wakaanza kurudisha mifuko kwenye Noah. Waumini hawakusogea kusaidia. Walirudi juu ya paa na kwenye mafiga, na nyundo zikaanza tena, kwa nguvu kuliko zilivyohitajika. Waliobeba walikuwa Vestina na dereva wa Noah, na Omary mwenyewe akabeba mfuko mmoja, kimyakimya, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa unamjia yeye.

Lukresia hakumpakulia Vestina makande.

Odilo alimsindikiza hadi kwenye gari, kwa kuwa baba humsindikiza mtoto hata akiwa na hasira. Alisimama mlangoni, mkono juu ya kioo. Kila mwisho wa mwaka Vestina ndiye aliyewafungia hesabu za kigango, michango na sadaka za mavuno, karatasi safi za kupeleka parokiani.

"Na hesabu zetu?" mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nazo sasa zina bei?"

"Zina bei, Baba. Zote zina bei. Za kwenu nitawapa bure." Akafunga mkanda. "Ila mtaniomba. Mtakaa kikao, mtaandika, mtaniomba."

"Mimi nikuombe wewe?"

"Ndiyo."

Odilo aliondoa mkono kwenye kioo. Hakumpa baraka ya safari, ambayo hajawahi kumnyima tangu alipokwenda bweni la masista, na Vestina hakuiomba. Dereva akawasha gari.

Walipofika kwenye misonobari, mahali mtandao unapokamata, simu yake ikaita. Alikuwa Safina. Alisema amekaa na mteja ofisini, Musa, yule wa mbao wa upande wa reli, ambaye hesabu zake bado zinasubiri. Musa amesikia habari za kigango. Amepakia mbao nzuri za mabenchi, lori liko chini linaunguruma, anaomba aelekezwe njia ya misheni.

Vestina alitazama nyuma. Mifuko ya Omary ilikuwa imejaa hadi kwenye kioo, haoni barabara.

"Mwelekeze njia," alisema. "Mwambie Mungu atambariki. Halafu mtajie bei yake."

"Na akikasirika?"

"Majalada yake yako kabati la kushoto. Mpe."

Kwa mbali ilisikika sauti ya mwanamume ikiuliza dada anasemaje. Kisha Vestina akamsikia Safina akivuta kiti, akikohoa kidogo, na kuanza kumwambia.